Mifupa ya Ng'ombe wa Hersi

Mnanisumbua na hii hadithi kama watu wasio na kazi. Haya, kaeni. Na anayetafuna atafune polepole, maana hadithi yenyewe ni ya nyama.

Hersi alikuwa na bucha Kibwezi, ile miaka ya ukame, ng'ombe wakifa wamesimama. Waislamu walinunua kwake kwa sababu alichinja kwa jina la Mungu. Mifupa aliitupa nyuma ya nyumba, na kila asubuhi ilikuwa imeenda. Watu walisema ni fisi. Mkewe, Kaltun, alijua vingine: mfupa uliotajiwa jina la Mungu ni chakula cha majini; mikononi mwao unarudi na nyama yake. Walikula wakaenda zao.

Asubuhi moja mifupa ilikuwa mlangoni, mikavu, imejaa alama za meno.

"Fisi wameshiba," Hersi akasema.

"Mwaka huu, Baba Timiro? Nani ameshiba mwaka huu?"

Toka siku hiyo, adhana ya magharibi ikiisha, kitu kilitafuna ukutani. Nyumba ikanuka uboho. Binti yao Timiro akaanza kukonda, na kula anakula. Jioni moja Kaltun akimwosha aliona alama za meno kwenye muundi, ngozi nzima, hakuna damu, na kule kutafuna kukatoka ukutani kukaja chini ya kitanda, kukapanda, polepole, kama mtu mwenye njaa anayeogopa chakula kisiishe.

Wakamwita Maalim Mursal kutoka Kitui. Akasoma Ayatul Kursi. Kutafuna kukanyamaza, kukasikiliza mpaka mwisho, kukaendelea.

"Hawa hawafukuziki," Maalim akanong'ona. "Ni Waislamu. Wanadai haki yao. Hersi, yule ng'ombe ambaye mifupa yake ilirudishwa mlangoni, ulimchinja?"

"Nilichinja. Kaltun alinisikia nikisoma bismillahi."

"Wewe nilikusikia," Kaltun akasema. "Ng'ombe sikumsikia."

Hersi akaangalia chini. "Nilimkuta amekufa. Watu walikuwa na njaa, Maalim."

"Mwenye njaa ya kufa Mungu amemruhusu mzoga. Ungewaambia ni mzoga. Wewe umemweka Mungu shahidi wa uwongo."

Ijumaa Hersi akasimama msikitini akasema yote. Kisha akachinja ng'ombe wake walio hai, mmoja mmoja, nyama akagawia majirani bure, hata watu wa kanisa, na mifupa akaiacha nyuma bila kuivunja. Kila mifupa ilipochukuliwa, Timiro alirudisha mwili kidogo. Ng'ombe wa mwisho alikuwa yule mweupe aliyempa mtoto maziwa. Mtoto alilia, baba akachinja.

Asubuhi nyumba ilikuwa kimya. Timiro akaomba chakula. Hersi akamega tonge, akafungua mdomo aseme bismillahi, na neno halikutoka.

Halikutoka tena. Mengine yote aliyasema, mpaka matusi. Hilo moja Timiro ndiye aliyemtamkia, mpaka baba mtu akawa mzee wa mvi, amekaa na tonge mkononi, anamngojea binti yake.