Mchezaji wa Dirisha la Tatu

Asubuhi ile kicheko cha mshona nguo kilichelewa.

Mumewe alikuwa amemtania kuhusu suruali ya mteja mmoja, suruali pana kiasi kwamba ungeweza kuitia mlango ukapangisha watu. Mkewe akafunua kinywa kucheka kama kawaida yake, kichwa nyuma, mabega juu, meno yote nje. Ila sauti haikutoka. Alicheka kimya, akafunga kinywa, akainamia kitambaa chake, akatia uzi kwenye tundu la sindano. Ndipo kicheko kikafika, kikubwa, kizima, kikazunguka chumba bila mwenyewe.

"Umesikia hiyo?" mume akauliza.

Mkewe alinyanyua macho taratibu. "Nini?"

Mume akajiambia masikio yake yana nta, akaenda kazini kwake, yaani chumba cha pili.

Huyo mume jirani zake walimwita Kapteni. Si wa meli wala wa jeshi. Alikuwa fundi kompyuta, mtu mwema mwenye kitambi cha kukaa, na cheo chake alikipata kwenye mchezo wa mtandaoni alioupenda kuliko usingizi. Kwenye mchezo huo kuna ngome, kuna mazimwi, na kuna lango la mwisho ambalo halifunguki mpaka wachezaji watatu washike funguo tatu kwa pamoja. Wenzake walioanza naye walikwisha pata akili, au watoto, au vyote viwili, wakaacha. Yeye akaamua kuwa timu nzima peke yake: nahodha, beki na mbeba maji, wote yeye.

Mimi ninayewasimulia, kompyuta naijua kwa kuifuta vumbi na kuitukana. Nimezunguka nchi nyingi na katika zote mashine zimenikataa. Kwa hiyo Kapteni alinieleza polepole, kama mzee anayevushwa barabara. Unafungua mchezo mara tatu, madirisha matatu juu ya kioo kimoja, kila moja na mhusika wake. Mashine inaelemewa, picha zinaganda, zimwi linakumaliza wewe umesimama kama nguzo. Dawa yake ni kubana matumizi. Siku moja kabla ya kicheko kile alifungua kasha, akapuliza vumbi kwenye feni, akaongeza kumbukumbu, akazuia programu zote zinazojiwasha zenyewe. Kisha akaweka kijiprogramu cha kugawa nguvu, chenye mistari mitatu ya kuvuta kwa mausi, mmoja kwa kila dirisha. Ukivuta kulia, dirisha linapewa ubongo wa mashine. Ukivuta kushoto, linanyimwa.

Dirisha lake mwenyewe alilipa kiasi cha kutosha. La pili, ambalo mhusika wake kazi yake ilikuwa kusimama nyuma tu akishika ufunguo, akalibana: picha chini kabisa, rangi chache, sauti hakuna, mwendo wa kudonoadonoa. Alichokiokoa huko akalimwagia dirisha la tatu, la mpiganaji, maana mpiganaji ndiye anayekula nguvu. Mashine ikateleza kama sabuni bafuni. Kapteni akasimama peke yake chumbani, akajipigia makofi.

Majina aliyojaza hakuyafikiria tena. Mchezo ule humpa kila mtu akaunti moja tu. Unakuuliza jina lako kamili na, kwa ajili ya siku utakayosahau nywila, jina la mama aliyekuzaa. Akaunti ya kwanza alijaza yake. Ya pili akajaza ya mkewe na ya mama mkwe, herufi kwa herufi, kwa sababu uongo angeusahau. Kufika ya tatu alikuwa amechoka. Akabuni jina la kwanza lililomjia mdomoni, na kwenye nafasi ya mama akaandika: hana.

Baada ya kile kicheko ikafuata cherehani. Tangu waoane ilikuwa ikinguruma sebuleni kama mvua kwenye mabati. Sasa ikawa inakwenda kwa vipande, inalia, inanyamaza, inalia. Mkono wa mkewe ulikuwa kwenye gurudumu, kisha ulikuwa kwenye kitambaa, na katikati hapakuwa na safari. Gauni la mteja akalishona mikono yote miwili ikazibwa mwisho kama mifuko ya mchele.

Ikaja na harufu. Nywele zilizoungua, na nyuma yake kitu cha baridi, kama udongo wa ndani ya pango. Ilitoka chini ya mlango wa chumba cha kompyuta. Kapteni alifungua kasha la mashine akanusa waya mmoja mmoja kama mbwa wa polisi. Hakuna kilichoungua. Ila feni ilikuwa inazunguka, polepole, na mashine ilikuwa imezimwa.

Aliyesema wazi alikuwa dada mkubwa wa mkewe. Alikuja alasiri moja ya mawingu mazito kuchukua sketi yake, akakaa kidogo sebuleni, akamfuata Kapteni chumbani kwa hatua za mwizi.

"Shemeji," akanong'ona, "mdogo wangu umemfanya nini?"

"Kazi nyingi tu, shemeji. Amechoka."

"Amechoka! Mimi sijui akichoka anavyokuwa? Akichoka huyo anapiga kelele mtaa mzima unaomba radhi. Leo nimemsalimia, nimekaa, nimeota mvi, ndipo akaitika." Akamshika mkono. "Njoo umtazame kwa karibu. Kovu lake halipo."

Walisimama mbele ya cherehani. Kovu la utotoni juu ya nyusi ya kushoto kweli halikuwepo. Wala halikuwa limefutika. Ngozi yenyewe ilikuwa laini kupita kiasi, haina vinyweleo, haina mikunjo, haina hata lile doa la chai la mdomoni, kama uso uliochorwa na mtu mwenye haraka. Blauzi yake ya maua ilikuwa na rangi, lakini maua hayakuwepo.

Uso ule Kapteni aliujua. Kila siku alikuwa akiuona kwenye dirisha la pili, mdogo, nyuma kabisa, mwenyewe ameshika ufunguo.

"Kamwite Mkunga," akasema.

"Wa watoto?"

"Wa yale mengine."

Shemeji alitoka mbio na mvua ikamwagika hapo hapo, na umeme ukakatika mtaa mzima, friji ikatulia, taa ya sebuleni ikafa, na Kapteni alipogeuka kuelekea chumbani kwake kutafuta tochi akaona mwanga wa buluu umelala sakafuni chini ya mlango, akausukuma mlango, akakuta kioo kinawaka chenyewe na madirisha yote matatu yamefunguka, lake likiwa limesimama kama kawaida, la pili likiwa na yule mwanamke asiye na maua, na la tatu, ambalo mpiganaji wake siku zote huonyesha mgongo kwa sababu huwatazama mazimwi, safari hii likiwa limejaa uso, uso uliochorwa vizuri mno, kila kinyweleo mahali pake, kila mshipa, macho yenye unyevu, ukimtazama yeye.

Maandishi yakajitokeza chini yake, kwa adabu, kama ya mpangaji mpya.

*Nafasi ni nzuri. Nashukuru.*

Kapteni akasogea hadi mezani.

*Mvute mkeo kushoto tena kidogo.*

"Hakuna kilichobaki," akanong'ona, bila kugusa kibodi.

*Pumzi imebaki.*

Nyuma yake ubao wa sakafu ukalia. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Mikono yake ilishika kitu kisichokuwepo, mbele ya kifua, jinsi mtu anavyoshika ufunguo mkubwa. Kapteni alibonyeza kitufe cha kusogea kushoto kwenye dirisha la pili. Mkewe akasogea kushoto. Akagonga bega kwenye fremu ya mlango, akaendelea kutembea pale pale, akigonga, akigonga, mpaka mumewe alipoachia kitufe.

Akaukamata mstari wa mkewe akauvuta kulia. Ukarudi kushoto. Akauvuta tena kwa mikono miwili, kana kwamba mausi ina uzito. Ukarudi. Akajaribu wa tatu, haukutikisika. Ukabaki wake mwenyewe.

"Basi chukua changu," akasema, machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni. "Mpe yeye. Chukua chote."

Akauvuta wake kushoto. Sikio moja likaziba, mvua ikasikika upande mmoja tu. Nyekundu ya kitufe cha mashine ikawa ya kijivu. Lakini mkewe alibaki vile vile, na mstari wa tatu ndio uliosogea kulia, taratibu, kama mtu anayejinyoosha kitandani.

*Mkarimu sana.*

Kapteni akanyanyua kiti aipasue mashine.

"Weka chini hicho kiti!"

Mkunga alikuwa ameingia na koti lake la mvua, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde. Kazi yake ilikuwa kupokea watoto na kufukuza visivyo watoto, na alizoea kusema tofauti ni ndogo, vyote hutoka kwa makelele. Shemeji alikuwa nyuma yake, ameuma kanga yake.

"Ukivunja, atakayekatika kwanza ni aliye chini kabisa," Mkunga akasema. Alimtazama mwanamke wa mlangoni, akamwekea kiganja mbele ya pua. "Bado ipo. Kidogo. Wewe baba, nieleze upesi, tena bila Kiingereza chako cha kompyuta. Huyu aliingiaje humo?"

"Nilijaza jina lake, Bibi."

"La mama yake?"

"Nilijaza. Mchezo unauliza."

Mkunga akafumba macho. "Jina la mtu na la mama yake. Ndivyo mtu hufungwa, tangu wachawi waanze kazi. Wengine hutafuta miaka, wewe umeandika mwenyewe na ukamweka chini ya wote. Na huyo mwenye macho?"

"Huyo nilimbuni tu."

"Mama yake?"

Kapteni akajiinamia. "Niliandika hana."

Mkunga alivua koti lake, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza, kama mtu anayejua kwamba kazi itakuwa ndefu.

"Nimepokea watoto wa kila namna," akasema kwa sauti ya chini. "Wa wenye mali, wa makahaba, wa mwendawazimu wa sokoni. Asiye na mama sijampokea hata mmoja. Viumbe wasio na mama wapo, baba, ila hawapitii kwangu. Umetangaza nafasi na mwenyewe akasikia."

*Mwambie atoke,* yakaja maandishi. Mara hii hayakuwa na adabu.

"Hayo majibu yanabadilishwa?" Mkunga akauliza.

"Yanabadilishwa. Lazima ujaze kwanza jibu la zamani, halafu jipya."

"Badilisha. Weka langu."

Shemeji akapiga ukelele. "Bibi! Utamchukua wewe?"

"Nimelea wavulana saba nyumba moja na choo kimoja. Wa nane atanitisha kwa nini?"

Kioo kikapiga weusi, kikarudi. Harufu ya pango ikajaa mpaka koo likauma. Kibodi ilikuwa ya moto chini ya vidole vya Kapteni, na mlangoni mkewe alikuwa ameanza kufunga macho, nusu, kisha kabisa, na kifua chake hakikupanda tena.

*Mimi ni mkubwa kuliko milima.*

"Na adabu huna," Mkunga akajibu. "Andika, baba!"

Kapteni akaandika: hana. Mchezo ukakubali. Akaandika jina la Mkunga, herufi moja moja, akikosea, akifuta, vidole vikifura malengelenge.

*Usinikabidhi. Usinikabidhi kwa huyo.*

Akabonyeza.

Feni ikasimama. Kisha chini ya meza, mahali penye waya na vumbi, kitu kikavuta kamasi.

"Mwanangu," Mkunga akasema, kwa sauti ambayo wana wake saba wangeitambua na kukimbia. "Rudisha cha watu."

Mistari haikusogea.

"Sirudii."

Mstari wa tatu ukaanza kurudi kushoto, wenyewe, kwa kununa, ukisimama na kwenda. Wa Kapteni ukapanda. Mvua ikarudi sikioni. Wa pili ukapanda mpaka ukafika mwisho, na kwenye blauzi ya mlangoni maua yakafunguka, moja, matano, yote. Kovu likarudi juu ya nyusi. Mkewe akavuta pumzi kama aliyetolewa mtoni, akaanguka, na mumewe akamdaka kwa kitambi chake, wakaenda chini wote wawili.

"Nilikuwa nakuita," mkewe akasema, akimpiga kifuani kwa ngumi dhaifu. "Nilikuwa nakuita, nakuita, nakuona umekaa unanipa mgongo. Nilipiga kelele mpaka koo likapasuka. Wewe unashangilia."

Kapteni alimkumbatia, akamwacha aendelee kupiga.

Akaunti zote alizifuta pale pale sakafuni, mkewe akiwa amemwegemea na kusimamia kila kitufe. Mkunga alivaa koti lake. Kisha akainama, akanyoosha mkono chini ya meza, akangoja. Vidole vyake vikajifunga, vikashika.

"Bibi," Kapteni akauliza, "na akikua?"

"Wangu wote walikua. Walinipita kimo, hakuna aliyenipita sauti." Lakini hakumtazama usoni aliposema hivyo. "Nisije nikasikia mnamwita. Hata kwa utani."

Wote watatu walimtazama dirishani akishuka barabara ya tope, mkono mmoja umening'inia pembeni, kwenye kimo cha kichwa cha mtoto wa miaka mitano. Penye dimbwi kubwa akasimama. Akainama, akashika kitu makwapani, akakiinua kwa kuguna, akakivusha. Walipokuwa wakishusha pumzi, maji ya dimbwi yakaruka, mara mbili, jinsi yanavyoruka mtoto anapoingia kwa miguu yote miwili makusudi. Mkunga akageuka, akanyanyua kidole. Maji yakatulia.

Wakaendelea na safari. Mvua ilipokatika, shemeji alitoka akaenda mpaka pale dimbwini kutazama. Alirudi ameshika sketi yake kifuani. Nyayo za Mkunga zilikuwepo, alisema, na pembeni yake kulikuwa na nyingine, pekupeku, na kila moja ilikuwa na urefu wa mlango uliolazwa chini.