Mteremko wa Kinyozi

Baba ni kinyozi. Hawezi kuona kitu kimeota ovyo akakiacha.

Nyuma ya nyumba yetu kuna mteremko wa mawe. Kila msimu wa mvua huota maua mekundu ya mwituni. Ukiwa mbali, utadhani mtu ameanika mashuka. Nyuki wa mama huyategemea.

Mwaka ule yalichanua machache. Mizinga miwili kati ya minne ilikuwa kimya.

"Nyuki wangu wanahama," alisema mama. "Mimi sikubali."

Baba alikuwa ameshamwaga samadi ili kusaidia. Zikaota nyasi tu, mpaka kiunoni.

Mama akamwita bibi shamba, jirani yetu. Alipanda mteremko, akapiga magoti.

"Shemeji, mwaka jana ulifyeka lini?"

"Maua yaliponyauka tu," baba alijibu. "Yalikaa kama ndevu za mlevi!"

Mama alicheka. Bibi shamba alichuma kifuko kibichi juu ya bua moja, akakipasua. Ndani mlikuwa na mbegu changa, laini.

"Ua hili huishi msimu mmoja, kisha hufa na mizizi yake. Linarudi kwa mbegu hizi tu. Ulipofyeka mapema, ulikata maua ya mwaka huu."

Baba aligeukia zile nyasi.

"Na samadi yangu?"

"Kwao ni mawe, shemeji. Samadi inashibisha nyasi, nazo zinalifunika. Ng'oeni nyasi, mzitupe mbali. Msimwage samadi tena."

"Tufyeke lini sasa?" mama aliuliza.

"Tikisa kifuko. Kikilia chakachaka, mbegu zimekomaa. Ziache zimwagike chini zote. Ndipo ufyeke."

Siku hiyohiyo mama alichukua fyekeo, akaliweka chini ya kitanda chake.

"Atakayeligusa atanijua!"

Tuling'oa nyasi siku nne. Mikono ilichubuka. Kila asubuhi baba alipanda mteremko, akatikisa kifuko, akatega sikio.

"Bado," alisema, akaenda kazini.

Wiki ya tano alirudi mbio. "Mama watoto, vinalia!" Tulitikisa vifuko vyote mpaka vikawa vitupu. Mama akatoa fyekeo.

Mvua zilizofuata, mteremko uliwaka mwekundu. Mizinga yote minne ilivuma.

Maua yaliponyauka, mteja mmoja alichungulia dirishani.

"Kinyozi, huko nyuma mbona hujanyoa?"

"Tulia," baba alisema, akimgeuza kichwa. "Yule zamu yake bado."