Kitabu Kilichofichwa Nyuma ya Nyuki

Jumapili mchana tulikuwa tumemaliza kula. Mwanangu, fundi cherehani, alikuwa anatia pindo suruali ya mteja. Mke wake alikuwa anaosha vyombo. Mimi nilikaa mkekani na wajukuu wangu, pacha wa miaka saba. Aliyetangulia kuzaliwa tunamwita Mkubwa. Aliyemfuata baada ya dakika kumi tunamwita Mdogo, na dakika hizo kumi zimeleta ugomvi mwingi nyumbani.

Mdogo alikuwa na mafua na kikohozi. Nilichukua kijiko jikoni, nikammiminia dawa yake ya maji. Akainywa huku amekunja uso.

"Haya, kitendawili," nikasema.

"Tega."

"Nimempa jirani, changu hakikupungua."

"Upepo," akasema Mkubwa.

"Tangu lini upepo ukawa wako?"

Mdogo akapenga kamasi. "Mafua, Bibi. Nimempa Mkubwa, na yangu bado ninayo."

Fundi alicheka mpaka sindano ikamchoma kidole. Mimi jibu langu lilikuwa moto wa kuazima, lakini la Mdogo lilikuwa tamu zaidi. Nikampa ushindi.

Mama yao peke yake hakucheka. Alikuwa anasugua sufuria moja tangu tulipoanza.

"Mama Pacha," nikamwita, "sufuria hiyo imekukosea nini?"

"Nisamehe, Mama. Nawaza mtihani."

Mkwe wangu anafanya usafi zahanati asubuhi. Alasiri anasomea uuguzi chuo kikuu. Alikuwa ameanguka somo la kupima dawa. Ni somo la hesabu: mgonjwa ana uzito huu, dawa ina nguvu hii, apewe kiasi gani? Mtihani wa marudio ulikuwa baada ya wiki tatu. Akianguka tena, anaondolewa chuoni.

"Kwani kitabu hakuna?" nikauliza.

"Kipo kimoja, Mama. Sisi tuko themanini. Unaandika jina, unakisoma kwa saa mbili palepale maktaba, unarudisha. Mimi nikifika saa kumi, orodha imejaa. Na kutoa kopi ya kitabu kizima hairuhusiwi."

"Kitabu kimoja, watu themanini? Hata kuku asingetosha."

"Kuku angalau ana mchuzi," akasema fundi.

Wiki iliyofuata mkwe wangu alirudi amechangamka. Kitabu alikipata Jumatatu, akakipata Jumanne, akakipata Jumatano. Nikashukuru. Kumbe nilishukuru mapema. Alhamisi alirudi, hakugusa chakula. Alikwenda kukaa uani, mkoba bado uko begani.

Nikamfuata. "Nini, mwanangu?"

"Mama, mimi nimekuwa mtu mbaya."

"Sema, nikupime."

Akasema polepole. Jumatatu alipata zamu. Saa mbili zilipokwisha, aliandika kwenye daftari kwamba amerudisha kitabu. Lakini hakukirudisha mahali pake. Alikisukuma nyuma ya vitabu vya ufugaji wa nyuki, rafu ya chini kabisa, mahali ambapo hafiki mtu. Kila siku alikitoa, akasoma, akakificha tena.

"Leo Mjomba kaniuliza," akasema.

Mjomba ni mwanafunzi mwenzake. Ni mtu mzima, anasukuma machela hospitali. Darasa zima humwita hivyo.

"Kasema, 'Dada, siku ya nne hii natafuta kile kitabu. Hujakiona?' Nikamwambia sijakiona. Akasema, 'Haya, Mungu atatupa njia.' Mama, na yeye anarudia mtihani uleule."

Sikumkaripia. Mtu anayejisuta mwenyewe haongezewi fimbo.

"Kesho tutakwenda wote," nikamwambia. "Aibu tutaigawana nusu kwa nusu."

"Mama, watakutazama vibaya."

"Watazame. Mimi nimejaa makunyanzi, aibu itakaa wapi?"

Kesho yake tukaenda. Maktaba ni chumba kirefu. Ina feni mbili, moja inazunguka, nyingine inapumzika. Mkutubi ni mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba. Wanafunzi wanamwita Bi Kimya, kwa kuwa hilo ndilo neno analolisema kila siku. Mjomba alikuwa kwenye meza ya karibu, anapekua daftari lake kuukuu.

Mkwe wangu aliinama kwenye rafu ya chini. Akatoa kitabu, akakipangusa kwa upindo wa kanga, akakiweka mezani kwa mkutubi.

"Mimi ndiye niliyekificha," akasema.

Mjomba alisikia. Akasimama, akakitazama kitabu, akaitazama rafu. "Nyuki, dada? Mimi nimetafuta mpaka kwenye vitabu vya sheria."

"Nisamehe, Mjomba."

"Nimekusamehe. Lakini siku nne ni nyingi. Leo zamu ya kwanza ni yangu."

Bi Kimya akavua miwani. "Wewe ni wa nne mwaka huu. Mmoja alikificha juu ya tangi la choo, kikarudi kimevimba. Umekosea, na Jumamosi mbili utakuja kunisaidia kupanga rafu. Lakini watu themanini kupigania kitabu kimoja, hilo si kosa lako peke yako. Hata mimi nimechelewa kuwaonyesha jambo hili. Njooni."

Akatuita kwenye kompyuta yake. Akafungua kitabu cha kupima dawa. Kilikuwa na kurasa mia tatu.

"Hiki ni kitabu huria," akasema. "Waandishi wake ni wauguzi na walimu wa vyuo. Wameruhusu kila mtu akisome, akipakue, akigawe, hata akitafsiri."

"Bure?" akauliza Mjomba.

"Bure."

Mimi nikaguna. "Cha bure, mwanangu, kisije kikawa kimeoza."

"Ndiyo maana tunakikagua, Mama. Tunatazama nani ameandika, ameandika lini, na nani amekipitia. Kisha tunamwonyesha mwalimu wa somo."

Mkwe wangu alikuwa bado anaogopa. "Na huu si wizi mwingine?"

"Vilivyomo mtandaoni si vyote huria," akajibu Bi Kimya. "Tazama hapa, ukurasa wa mwanzo. Maandishi haya ni ruhusa, inaitwa leseni. Inakuambia unaweza kufanya nini. Inakutaka pia umtaje aliyeandika. Usipoiona leseni, usijipe ruhusa mwenyewe. Hiki pakueni hapahapa kwa mtandao wa maktaba. Mkifika nyumbani mtakisoma hata bila mtandao."

Akampigia simu mwalimu wa somo. Mwalimu akaja, chaki bado iko mkononi. Akapitia kurasa kwa muda mrefu.

"Ni kizuri," akasema. "Hesabu zake ni sahihi. Ila dawa nyingine humu kwetu hazipo. Mifano ya dawa zetu ninayo kwenye maandishi yangu."

"Maandishi gani, Mwalimu?" akauliza Mjomba.

"Yako kwenye droo. Nimeyaandika kwa miaka kumi na miwili."

Bi Kimya akasahau neno lake. "Kwenye droo!" akapaza sauti.

"Tuyaweke kwenye tovuti ya maktaba," akaendelea, "na leseni juu yake."

"Watu watayaiba."

"Utakuwa umewagawia. Jina lako litakaa mbele, na kila atakayeyatumia atatakiwa akutaje."

Mwalimu akageuzageuza chaki. "Na makosa yangu wataona wote."

"Mwalimu," akasema Mjomba, "ya kwangu unayasahihisha kwa wino mwekundu mbele ya darasa zima. Mbona sijafa?"

Mwalimu akajizuia, akashindwa, akacheka. Hakukubali siku hiyo. Lakini Jumatatu alikuja na faili lililovimba. Wanafunzi sita wakagawana kurasa, wakazichapa. Walipata makosa mawili. Mwalimu akayasahihisha mwenyewe, kwa wino mwekundu.

Tangu hapo mkwe wangu hakukimbilia orodha tena. Alisoma kwenye simu yake yenye ufa, akingojea maji yachemke. Fundi alimsomea maswali huku anashona, na suruali moja ikatoka na mguu mfupi. Mjomba alisomea kwenye benchi la hospitali, kati ya mgonjwa mmoja na mwingine.

Mtihani ukaja, ukapita. Mkwe wangu alipata sabini na moja. Mjomba alipata sabini na nne, na hajaacha kumkumbusha.

Hadithi ingeishia hapo. Lakini maandishi ya mwalimu yalikuwa yamewekwa kwenye tovuti, na leseni yake iliruhusu kutafsiri. Mkwe wangu na Mjomba wakachukua sehemu yake moja iliyoandikwa kwa lugha ya kigeni, wakaiandika kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja tu. Mwalimu akaupitia. Jioni moja mkwe wangu akaniletea.

"Mama, soma wewe kwanza. Ukielewa, na wengine wataelewa."

Mimi nimesoma shule ya msingi. Kitu cha chuo kikuu sikuwahi kukishika, ila daftari la mkwe wangu nikilipangusa vumbi. Nikavaa miwani, nikasoma kwa sauti:

"Kumpa mtoto dawa ya maji nyumbani. Usipime kwa kijiko cha jikoni. Vijiko havilingani. Mtoto anaweza kupata dawa pungufu au kuzidishiwa. Tumia kipimo kilichokuja na dawa."

Nikarudia tena. Hakuna neno lililonishinda. Nikakitazama kijiko changu, nacho kikanitazama.

"Mama Pacha, mbona hukuniambia?"

Akainamisha kichwa. "Akili yangu ilikuwa kwa mgonjwa wa kwenye mtihani, Mama. Wa nyumbani sikumwona."

"Basi kipimo chenyewe kiko wapi? Kile kikombe kidogo cha plastiki?"

Mdogo akamtazama Mkubwa. Mkubwa akatazama dari. Tulikikuta chini ya kitanda, mwanasesere anakinywea chai. Tukakiosha kwa maji na sabuni.

Asubuhi nilimpelekea jirani nakala ya ukurasa ule. Ana mtoto mchanga, na kijiko chake ni kikubwa kuliko changu. Wangu bado ninao. Nimeubandika ukutani, juu ya vijiko.