Kovu la Cormac

Mungu anisamehe, nami nilikuwa miongoni mwa waliomcheka jirani yangu Honora. Mwaka 1869 mumewe, Cormac, alirudi mjini Bendigo baada ya miaka mitatu kwenye machimbo ya dhahabu. Sote tulimpokea. Honora peke yake alikwenda polisi na picha ya bati ya mumewe, ile inayopigwa juu ya kipande cha bati, akidai aliyerudi si Cormac na atolewe nyumbani kwake.

Askari akamwita yule mtu mbele yetu, akaiweka picha kando ya uso wake. "Kovu hili hapa, shavu la kulia. Mama, nenda kampikie mumeo!"

"Picha za bati hugeuza kushoto kuwa kulia, bwana! Cormac wangu ana kovu kushoto!"

"Kwa hiyo nimfunge mtu kwa kosa la kufanana na picha yake?"

Tulicheka mpaka machozi. Honora akarudi naye, amekunja ngumi.

Jioni, kiza kikiingia, alisikia wembe ukikwaruza na yule mtu akipiga mluzi mbele ya kioo. Akainua mshumaa. Ndani ya kioo kovu lilikuwa shavu la kushoto, kama la Cormac wake, na ile midomo haikupiga mluzi. Ilikuwa ikitamka jina la Honora, bila sauti.

Ukimtembelea Honora, tafadhali usifunue kioo alichokifunika kwa blanketi. Kinagongwa kwa ndani.