Bibi Hajaamka

Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, taa ikazima, na dada wa duka la miwani akapiga yowe lililosikika mpaka kwa wauza viatu wa chini.

Ilikuwa saa ya watu kutoka kazini, jengo limefurika, kila mtu anataka kushuka kwanza. Ndani ya lifti alikuwa peke yake, amevaa gauni la rangi ya machungwa na viatu vya kisigino alivyovivua palepale ili agongee mlango vizuri.

"Dada, acha kugonga. Utaumia wewe, mlango hautaumia." Sauti ya kiume, tulivu, ilitoka upande wa juu.

"Wewe nani?"

"Fundi wa lifti. Uko na nani humo?"

"Niko na Mungu!"

"Basi uzito si tatizo. Una simu?"

"Chaji inakaribia kuisha."

"Fungua kitu unachokipenda, uniambie unaona nini. Mimi naendelea na mlango huku."

Alikosea namba ya siri mara mbili. "Naona... mchanga. Mawe. Ukingo wa shimo kubwa."

Juu kukawa kimya.

"Kaka? Umeondoka?"

"Nipo. Hapo kushoto kuna jiwe lililokaa kama kiatu?"

"Umejuaje?"

"Hiyo ni Mirihi. Hiyo picha nimeitazama tangu asubuhi. Kumbe na wewe unamfuatilia Bibi?"

Bibi lilikuwa gari la roboti lisilo na dereva, linalotambaa kwenye makreta ya sayari ya Mirihi, yale mashimo makubwa yaliyochimbwa na mawe kutoka angani. Watu wa kundi lao la simu, waliokuwa wakifuatilia kila picha inayotumwa, walilibandika jina hilo kwa sababu lilienda polepole, lilikagua kila jiwe kabla ya kukanyaga, na lilikuwa limezeekea kazini bila kustaafu. Hakuna aliyesema gari limesimama. Walisema Bibi kapumzika. Bibi kalala. Bibi kaamka.

Mlango ulipofunguka, dada aliona ovaroli ya buluu, shavu lenye grisi na mkono ulionyooshwa.

"Nipe viatu kwanza."

"Viatu vya nini? Nitoe mimi!"

Alipokanyaga sakafu ya kweli, alilia mbele za watu bila kuona haya, kisha akatangaza kwamba hatapanda lifti tena maisha yake yote.

"Taratibu, dada. Utanifukuzisha kazi," fundi alisema, na ndipo akacheka.

Mapenzi yao yalikua kwa simu, maana dada, ambaye fundi alimbandika jina la Miwani, alishinda dukani akikata lenzi na fundi alishinda ndani ya mashimo ya lifti za watu.

"Umekula, Miwani?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Maneno yako ya jana. Bado nina njaa."

"Ngoja nimalize hapa nikuletee maandazi."

"Na grisi yako usiilete."

"Grisi na mimi ni kitu kimoja, mpenzi. Ukinitaka unaichukua na yenyewe."

Fundi aliishi na bibi yake mzaa mama, aliyemlea tangu akiwa mchanga. Wala hakumwita bibi. Kwa utani wa mjukuu alimwita mke mkubwa, na yule bibi kizee alimwita mume wangu mvivu.

"Jumapili nakupeleka kwa mke mkubwa. Anataka kukukagua."

"Akinikataa?"

"Nitalia sana, kisha nitamtii."

"Mwone! Basi mwambie mke mdogo anakuja, na haogopi mtu."

Alikuwa anaogopa. Alishona gauni jipya la kijani kibichi lenye mikono mirefu, akalijaribu mbele ya kioo mpaka mama yake akamwambia litachakaa kabla halijavaliwa.

Kwa hiyo baina yao wawili, mke mkubwa alikuwa ajuza wa nyumbani, na Bibi alikuwa gari la Mirihi. Hilo ndilo lililowaponza.

Wiki ileile Bibi wa Mirihi alianza kuteremka ndani ya kreta. Mteremko ulikuwa mkali, mchanga umelegea, na dhoruba ya vumbi ikaja ikaziba jua linalompa nguvu. Picha zikakoma. Kundi zima likakaa roho juu.

"Ujumbe wake unasafiri muda mrefu," fundi alimwambia Miwani. "Tunachokiona huku kimeshapita kule. Kama ameanguka, ameshaanguka. Sisi ndio hatujapata habari."

"Usiseme hivyo. Unanitisha."

Jumamosi asubuhi fundi alibisha mlango wa chumba cha bibi yake, kikombe cha chai mkononi. Kimya. Alipoingia alimkuta sakafuni kando ya kitanda, mdomo umekwenda upande, macho hayakufumba wala hayakufumbuka, miwani imepindika chini ya bega lake. Alimwita mke mkubwa. Akamwita tena, safari hii kwa jina alilokuwa akimwita alipokuwa mtoto mwenye homa.

"Bibi! Bibi!"

Jirani alikimbia kutafuta gari. Fundi akashika simu amwandikie mpenzi wake, lakini mikono ilikuwa si yake. Akagusa kundi badala ya jina la Miwani.

*Bibi hajaamka. Naogopa.*

Majibu yakamiminika. Vumbi tu hilo, atulie. Asubirie jua. Mmoja akatuma kichekesho cha kikongwe anayekoroma. Na Miwani, akiwa dukani anafuta kioo cha kabati, akataka kumchangamsha mpenzi wake:

*Mwache alale, kazeeka. Akizima watatuma mwingine mwenye magurudumu mapya!* Akaongeza sura za kucheka, mstari mzima.

Fundi aliusoma akiwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, kichwa cha bibi yake mapajani. Wakati ule hakukumbuka Mirihi wala kundi. Aliona kitu kimoja tu: amemwambia mwanamke wake kwamba bibi yake anakufa, na mwanamke wake amecheka.

Kwenye simu ya Miwani ukatokea mstari mdogo wa kijivu: *Fundi ameondoka kwenye kundi.*

Akapiga. Haikupokelewa. Akapiga tena, simu imezimwa. Mpaka mchana alikuwa ameharibu lenzi ya mteja. Katika mawazo yake alimwona fundi chini ya shimo la lifti, kamba imekatika, tochi bado inawaka. Hatimaye akapiga kazini kwa fundi, akampata mkubwa wake.

"Hujui? Bibi yake kaanguka. Yuko naye hospitali."

"Bibi... bibi yupi?"

"Kwani ana mabibi wangapi, dada?"

Miwani alikaa chini, kwenye sakafu ya duka, wateja wakimtazama. Akaufungua ujumbe wake akausoma kama ulioandikwa na adui.

Alipofika nyumbani akilia, mama yake hakumkumbatia. Alichukua chupa ya chai akaanza kuisuuza.

"Mama, ataniona mnyama."

"Kwa sasa anakuona mnyama. Nenda."

"Nikamwambie nini?"

"Kwamba ulidhani ni gari. Sentensi moja, usilie kwa sauti. Beba chai, beba shuka safi. Mgonjwa hana haja na machozi yako."

Wodi ilikuwa ghorofa ya sita. Kwenye ngazi kulikuwa na mlolongo wa ndoo na kibao: zimefungwa, sakafu inapakwa rangi. Miwani alisimama mbele ya lifti huku chupa ikigongagongana na vifungo vya gauni lake. Lile la kijani. Hakukumbuka hata lini amelivaa. Mlango ulifunguka, ukajifunga, ukafunguka. Mhudumu mwenye kitanda cha magurudumu akamwuliza, "Unaingia au unalinda mlango?"

Akaingia. Lifti ilinguruma, ikatikisika, ikasita kidogo mahali ambapo hapakuwa na sababu ya kusita. Akafumba macho, akaona mchanga, mawe, jiwe kama kiatu.

Fundi alikuwa kwenye benchi la nje ya wodi, ovaroli ileile, macho mekundu. Alimwona akitoka mle ndani, uso unamiminika jasho.

"Umepanda lifti?"

"Ngazi zimefungwa."

Akageuza uso.

"Nilidhani ni gari," Miwani alisema. "Uliandika Bibi. Wewe huwa humwiti Bibi."

Fundi akamgeukia. Kisha akatoa simu, akaiwasha, akatazama alichokiandika na mahali alipokiandika. Akairudisha mfukoni.

"Daktari anasema ni kiharusi. Ameamka, lakini hajasema kitu. Huenda asiseme tena." Akatazama mlango wa wodi. "Mimi nani ataniita mvivu?"

Waliingia pamoja. Bibi kizee alikuwa mdogo kuliko shuka. Aliangalia dari tu.

"Shikamoo, Bibi."

Hakuna jibu. Miwani hakujua afanye nini na mikono yake, mpaka alipoona miwani iliyopindika kando ya mto. Kazi hiyo aliijua. Akaushika mkono wa fremu, akaukunja taratibu kuelekea ulikotoka, akafuta lenzi kwa pindo la gauni jipya, akamvalisha.

Macho yakatoka kwenye dari. Yakashuka kwenye gauni la kijani, yakapanda mpaka usoni, yakakaa hapo yakikagua bila haraka, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Upande wa mdomo uliobaki mzima ukahangaika.

"M... mke..." Akapumzika. "Mdogo."

Fundi alishika chuma cha kitanda asianguke.

Saa ya kutazama wagonjwa ilipokwisha, rangi ya ngazi ilikuwa imekauka na ndoo zimeondolewa.

"Twende na lifti?" fundi aliuliza.

"Ile ya leo ilitosha."

Walishuka kwa miguu, mkono kwa mkono. Kwenye kona ya ghorofa ya pili fundi akasimama.

"Umesikia alivyokuita?"

"Nimesikia. Ni neno lake. Lako liko wapi?"

"Langu naogopa kulisema."

"Na mimi naogopa kulisikia. Sema hivyohivyo."

Akalisema, vibaya, kwa kigugumizi, akipangusa pua kwa mkono wa ovaroli. Miwani akaitikia kwa kichwa kabla hajamaliza.

Simu ya Miwani ikalia mfukoni. Wote wawili wakaganda.

"Fungua," alisema fundi.

"Fungua wewe."

"Siwezi."

Miwani akafungua. "Bibi..." alianza, akaona damu inavyomkimbia mwenzake usoni. "Wa Mirihi! Wa Mirihi, mpenzi, ni kundi! Wanasema bado hajaamka."

Fundi akakaa kwenye ngazi kama mtu aliyekatwa kamba. Alivuta pumzi, akaitoa, akavuta nyingine. Kisha akamvuta Miwani akae kando yake.

"Mwache alale," alisema. "Kazeeka."