Bata Aliyekaa Ukingoni

Zrrr. Kulikuwa hakujapambazuka bado, zipu ya begi ikalia chumbani.

"Hiyo zipu inakwenda wapi?" mama mkwe akauliza kutoka sebuleni.

Bata aliduwaa. Bata ndilo jina wanafunzi wake walilompa, kwa kuwa alifundisha wanawake kuogelea. Siku chache nyuma, hospitalini walimtoa kinyama kidogo kwenye mlango wa kizazi, akarudi nyumbani siku ileile. Sasa hakuwa na maumivu. Damu ilibaki matone tu.

"Bwawani, mama. Yule mwanafunzi wangu, fundi cherehani, ameanza kuachia ukingo. Nisipokuwepo ataogopa upya, na hatarudi tena."

"Hutoki kitandani. Hata ufagio hushiki."

"Maji yetu yana dawa, mama. Yanaua vijidudu. Yatanisafisha tu."

Mama mkwe alienda kugonga kwa jirani yao mkunga, aliyekuwa akijiandaa kwenda zamu. Mkunga alikuja mbio, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Dawa ile inatunza bwawa," alimwambia Bata. "Haitibu kidonda, na ndani kwako kidonda bado kibichi. Ukiingia majini sasa, vijidudu vinaweza kupenya. Ngoja damu na majimaji viishe kabisa, na daktari akukague, akuruhusu. Mpaka hapo usinyanyue vizito, usilale na mumeo, wala usiingize kitu ukeni. Tumia pedi za nje."

"Si nilisema?" mama mkwe akatamba. "Kitandani."

"Na wewe mama, mwache atembee. Taratibu tu, akichoka apumzike. Kutembea kunamfaa. Lakini damu ikitoka nyingi, au uchafu ukinuka, au akipata homa, au tumbo likimuuma sana, msingoje kesho. Hospitali moja kwa moja."

Mama mkwe akalichukua begi. "Basi twende wote. Hili nabeba mimi."

Bwawani, Bata aliketi kwenye kiti ukingoni, miguu mikavu. Mama mkwe aliokota mpini wa ufagio, akampa aunyooshe majini. Fundi cherehani akaishika ncha ya pili kwa mikono miwili.

"Bata gani huyu anaogopa maji?" fundi alitania, meno yakigongana.

"Anaatamia," mama mkwe akajibu. "Piga miguu wewe."

Wanawake wote wakacheka. Fundi akapiga miguu.

Wiki zilipita hivyo. Matembezi ya Bata yakarefuka kidogo kidogo. Majimaji yakakauka kabisa. Daktari alimkagua, akasema, "Umepona. Ogelea, ila usianze kwa pupa."

Siku hiyo Bata aliteremka ngazi polepole. Alivuka bwawa mara moja, akapumzika. Alipogeuka, aliona mpini unaelea peke yake. Fundi alikuwa ameuachia, yuko nyuma yake, anahema, anakuja.

Mkunga alisimama mlangoni, ametoka zamu, safari hii viatu vyote miguuni. Mama mkwe alimsogezea nafasi kwenye benchi.

"Kaa, mwanangu. Na kesho uje tena," alisema. "Uje hata tusipoumwa."