Mafuta ya Mzee Mwishehe

Chupa ilifungwa vizuri, lakini harufu ilitoka. Shombo, kama utumbo wa papa uliosahauliwa juani.

"Nazi tu hiyo, mwanangu," alisema Mzee Mwishehe wa Kaole, akiupandisha kitandani mguu wake mkavu kama gogo. "Nimepewa na mganga. Miaka mitatu huu haukunjiki."

Ashatu akaifungua chupa, uso kando. Alikuwa anamalizia shahada ya uzamili ya fiziotherapia, wiki ya mwisho ya mafunzo ya vitendo hospitalini, na nyumbani Zinga alikuwa na Twalha, miezi tisa, hajaweza kukaa mwenyewe bado. Akajipaka mafuta mikononi, akakanda kama alivyofundishwa, kuelekea moyoni. Chini ya dole gumba kitu kikajiviringisha, laini, kama konokono asiye na gamba. Halafu goti likakunjika. Kirahisi tu!

"Mafuta ya mgonjwa yanaondoka na mgonjwa," alisema Genoveva, msimamizi wake, kaziba pua. "Na ukanawe, unanuka soko la samaki."

Hakunawa. Akamimina kidogo kwenye kikopo, maana mama gani angeacha dawa ile? Alasiri akamlaza Twalha mapajani, akamkanda miguu.

Kesho yake Mzee Mwishehe akaja bila fimbo.

"Umemtoa, mwanangu! Jini yule hafukuziki, anahama tu kwa mkono wenye mafuta. Hata mganga aligoma kunishika."

"Mzee, mbona hukuniambia?" aliuliza Ashatu, akiokota mkoba.

"Ningekwambia, ungenishika?"

Ashatu alikimbilia nyumbani, akamkuta Twalha amekaa, amekaa mwenyewe, mgongo ubao, hapepesi macho, inzi wamemjaa midomoni naye anawatafuna taratibu, shombo imetanda chumba kizima, na Ashatu alipomgusa paja konokono akajikunyata humo ndani, naye akapaka mafuta yaliyobaki huku akitapika, akakanda kinyume cha yote aliyofundishwa, kutoka moyoni kushuka chini, paja, goti, kisigino, mpaka kitu cha baridi kikatoka unyayoni kikamwingia mama chini ya ukucha wa dole gumba la mkono.

Twalha akalegea. Akalia kilio chake mwenyewe.

Tangu hapo Ashatu hakumgusa. Mama mkwe ndiye aliyempakata, akinung'unika, "Mama gani huyu anamwogopa mwanawe?" Maziwa yalimvuja Ashatu kifuani, yakaganda.

Ijumaa ilikuwa siku ya mtihani. Mgonjwa mpya, mwalimu Asteria, alilala kitandani, bega wazi. Nje, kwenye benchi, Twalha alikuwa mapajani pa mama mkwe, analilia ziwa.

"Haya, mshike mgonjwa," alisema Genoveva, kalamu mkononi. "Glavu za nini? Vua. Kazi yetu ni mikono."

"Jamani," Asteria alikunja pua, "humu ndani kuna samaki?"

Kilio cha Twalha kikapanda. Ashatu akavua glavu moja, ya mkono wenye dole gumba lile, akaomba mafuta.